Namba ya nyororo haikufanana na namba ya pine

Buffalo, Jumapili mangaribi, mwezi wa kwanza 2015

Theluji imeacha kuanguka. Nyumba iko na moto ya kutosha. Ninaandika na kidole moja kwa simu, pole pole, maana masomo niliachiaka mwaka wa tatu. Munivumilie.

Leo karibu tufe wote. Na mimi nilikuwa najua.

Bon, nianze mwanzo. Baba mudogo, mudogo wa baba yangu, alifika Alhamisi kutoka Louisville na ile jeep yake ya zamani. Njiani alilala Columbus, kwa rafiki yake wa Westerville. Ule rafiki akamupatia nyororo za kufunga kwa pine, matairi ya gari, ju Buffalo theluji inafikaka kwa magoti. Baba mudogo alifurahi sana. Kwetu Congo aliendeshaka camion, lori ya mizigo, miaka mingi, Bukavu mpaka Shabunda, fasi matope inameza gari mpaka kwa milango. Nyororo anazijua kuliko sahani yake ya kula.

Leo asubuhi, mbele twende kanisani, alizifunga kwa pine za nyuma. Mimi nilisimama pembeni, natazama. Niko mutu wa kutazama; nyumbani wananiitaka Bubu.

Kazi yangu kwa depo ya Cheektowaga ni namba. Unaangalia namba ya kikartoni na namba ya rafu. Zikifanana, unaweka. Zisipofanana, unaacha. Kingereza ya kusoma sijui, lakini namba sikosei. Niliona namba kwa mufuko ya nyororo. Niliona namba kwa pine. Haikufanana. Ile nyororo ilikuwa ya pine kubwa zaidi, inaning'inia kama suruali ya mutu mwenye ametoka hospitali.

Baba mudogo akacheka tu. Akatosha chini ya kiti kamba za mupira, zile za kukata kwa chambre à air, mupira wa ndani ya pine, akakaza nazo. "Kule tulikuwa tunafanya hivi, na tulikuwa tunafika!"

Nilifungua kinywa. Nikafunga.

Mimi nani? Mutoto amufundishe mukubwa nyororo? Kwetu haifanyikake.

Tukaingia. Nyuma yetu yaya Zawadi, dada yangu mukubwa, na mutoto wake Moïse wa miaka tano. Kwa Grant Street theluji ilikuwa nzito, jeep ikaenda kama tembo. Baba mudogo akanipiga kwa bega: "Unaona, Bubu? Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikakaza mukanda ya kiti.

Kwa barabara kubwa, chumvi ilikuwa imemaliza theluji yote. Lami nyeusi kabisa. Hakusimama kufungua nyororo. Kule unafunga asubuhi, unafungua ukifika. Akaongeza mwendo, na gari ikaanza kulia ta-ta-ta-ta mpaka meno yangu inagongana.

Moïse akaziba masikio, akasema na Kingereza yake kama gari inavunjika. Baba mudogo Kingereza haimuingie. Akaniuliza: "Mutoto anasema nini?"

Nikasema: "Anasema kuko makelele."

Siyo ile alisema.

Halafu nyororo ikakatika. Ikapiga chini ya gari kama mutu anabomoa nyumba na shoka. Mbele yetu, taa nyekundu. Baba mudogo akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini, kama anakanyaga maji. Akakanyaga tena. Maji. Camion kubwa ya kusukuma theluji ilikuwa inapita katikati ya njia panda. Nilimuona dereva wake, kinywa wazi. Niliona mpaka ndevu zake.

Tulipita nyuma yake. Nafasi ilikuwa ya meza moja, labda. Tukaingia ndani ya kilima ya theluji, gari ikazima.

Halafu Moïse akalia, na sijawahi kufurahia kilio hivyo.

Baba mudogo akapiga magoti chini na suti yake ya kanisa. Nyororo ilikuwa imekata mupira wa breki, mafuta inatiririka juu ya theluji. Nikamupatia ule mufuko ya nyororo.

"Namba haifanane, Baba. Niliona asubuhi."

"Uliona?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ukanyamaza?"

"Ju ya heshima, Baba."

Akaangalia Moïse kwa mikono ya mama yake. "Heshima gani hii, ilitaka kutuzika wote na suti?" Halafu sauti ikashuka. "Matope inabeba nyororo. Lami inaikula. Mimi pia, donc... nilisahau niko wapi."

Nikanyoosha mikono nibebe mutoto. Yaya Zawadi akamuhamisha kwa bega ingine. Ile imeniuma kuliko matusi.

Sasa jeep iko kwa fundi. Baba mudogo amesema atanunua nyororo zingine mbele arudi Louisville. Ule mufuko ameuweka juu ya kitanda yangu. "Wewe ndiye utasoma. Na nisikie."

Donc nitazunguka gari, nitasoma namba kwa sauti, pine kwa pine. Na akitoka kwa theluji nitamupigia simu: "Baba, umefungua?" Hata akinitukana.

Nimejaribu sasa hivi hapa jikoni, na namba za kwa mufuko ya unga wa fufu. Sauti imetoka kidogo, kama ya panya.

Yaya Zawadi, kutoka chumba ingine: "Sisikie!"

Nikarudilia.