Msaksoni Niliyemwita Mvivu

Rowena, nimejifungia chooni hapa kanisani. Sitoki, shoga. Nimeaibika!

Unatujua wachimbaji wa mambo ya kale, kila maiti tunayemfukua tunampa jina la utani. Yule Msaksoni wangu, Mwingereza wa kale aliyelazwa kiganja chini ya shavu, nilimwita Mvivu.

Basi asubuhi nikamfunua turubai, nikapaza sauti: "Amka, we Mvivu! Miaka elfu umelala tu? Chai inapoa!" Wenzangu wakacheka. Nami nikazidisha, nikaigiza anavyokoroma.

Mara kicheko kikakatika. Nikageuka.

Bi Thackray! Yule yule anayetuletea keki kila Ijumaa. Kasimama nyuma ya kamba na sahani yake. Na mumewe kazikwa Jumanne, hapo hapo ng'ambo ya ukuta, makaburini pa kanisa!

Nikababaika, "Nisamehe mama, ni utani wetu tu wa kazini."

Hakunifokea. Heri angenifokea! Alinitilia kipande cha keki mkononi, akauliza polepole: "Na wangu je, binti yangu? Siku mtakapomfukua, mtamwita nani?"

Mtamwita nani, Rowena! Nikakimbilia huku.

Keki bado ninayo mkononi. Bado ina moto.