Uso Wako Siku Ile Mlangoni

Kanduyi, Jumapili asubuhi

Mama,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na jana mtu alikuja dukani kwangu kuniuliza juu yako.

Kiminini yote ilijua ulivyokuwa mtulivu. Baba alipofariki ulimfunga kidevu kwa leso, ukaenda kukamua ng'ombe. Majirani wakasema ati huna damu. Nilikuwa darasa la saba, na nilikuchukia.

Halafu zikaja zile fujo za baada ya uchaguzi. Nilikuwa nimekuja kukuona na Wambui wangu, bado ananyonya. Vijana walipofika na panga na petroli, ulikuwa umekaa mlangoni ukipukuchua mahindi. Mimi nilikuwa nyuma yako chini ya meza, nimemziba mtoto mdomo. Hukusimama. Ukawaambia, "Ngojeni nimalize hili gunzi."

Punje zilidondoka kwenye karai, moja, moja. Kisha nikasikia miguu yao ikikimbia.

Huyu wa jana alikuwa mmoja wao. Aliomba sukari, akaiacha kaunta. Alisema inzi alitua kwenye jicho lako, akatembea juu yake, na hukupepesa. "Dada, tulijua tunaongea na maiti," akaniambia. Tangu siku hiyo hapiti nyumba yenye mama amekaa mlangoni.

Sikumwambia nilichoona mimi kwa nyuma. Rinda lako lililowa, na maji yakatambaa chini ya kigoda mpaka kwenye magoti yangu. Walipoondoka ulichukua tambara ukapangusa, ukaniambia nichemshe chai. Hatukulizungumza tena. Mbona hatukulizungumza, Mama?

Ulipokufa, kidevu chako nilikifunga mimi. Sikulia. Wambui alinitazama siku nzima, na tangu hapo hapandi mapajani mwangu. Juzi kisu kilinikata nikikata mboga ya sukuma. Nikafunga kidole, nikaendelea. Hakuangalia damu, Mama. Aliangalia macho yangu, kwa muda mrefu, kisha akauliza polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua:

"Mama, uko ndani?"



Jumamosi nitamleta kaburini kwako. Nitamwambia kwamba uliogopa. Nitalia mbele yake, hata kama itabidi nianze kujifunza hapo hapo, na yeye amenishika mkono.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Nyambura