Jirani Yetu

Makunduchi, 6 Mei 2025

Mwanangu Machano,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, nawe tunakuombea uzima. Naandika kwa kuwa nikisema kwenye simu nyumba nzima inasikia. Riyama wa hapa kijijini amerudi kutoka hospitali yako na mtoto wake mchanga, anasema wewe ndiye uliyemzalisha. Mimi uliniambia kazi yako huko ni kufunga vidonda. Juzi arusini wanawake walinicheka kwa hilo, nikajitanda buibui langu nikaondoka. Mwanamme na wake za watu, mwanangu? Omba uhamishwe wadi hiyo. Mpaka hapo usije huku.

Mama yako

Mjini, 19 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai ule mgongo unaokuuma umepoa. Nilikudanganya kwa kuona haya, nisamehe. Lakini kazi yenyewe siionei haya. Kila mzazi anayekuja kujifungua namuuliza kwanza. Asiyenitaka namwitia nesi mwanamke. Riyama alikubali mwenyewe. Sitahama.

Mwanao, Machano

Makunduchi, 30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Ukishasoma, ichome barua hii. Si mgongo. Kizazi kimeshuka, tangu nilipomzaa mdogo wako. Kilimo cha mwani nimekiacha, na sasa hata kukaa nashindwa. Baba yako hajui. Naona haya kukuandikia, lakini sina mwengine. Ila wewe usinitazame.

Mama

Mjini, 2 Julai

Shikamoo mama. Njoo Alhamisi. Atakupima Bi Nassra, mkunga mwenzangu, mimi nitakaa nje ya mlango. Maradhi haya yana dawa, na hukuyataka wewe.

Mwanao

Makunduchi, 20 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mie alhamdulillahi. Bi Nassra alinitia kifaa cha kukishikilia kizazi kisishuke, nakaa, natembea.

Kinachonila ni jengine. Pale kwenye benchi la hospitali, wagonjwa wenzangu waliponiuliza wewe nani wangu, nikasema, "Jirani yetu." Ulikuwa nyuma yangu umeshika mkoba wangu. Uliponitia kwenye gari uliniita Bi Muzdalifa, hukuniita mama.

Jana Wanu, mke wa Silima, aliniuliza nimetibiwa wapi. Naye anaumwa kama mimi, miaka. Wenzake walikuwapo, uso ukaniwaka, lakini nikasema: "Mwanangu Machano ni mkunga. Yeye ndiye aliyenipeleka." Hapana aliyecheka, au mie sikusikia.

Anakuja kwako Jumatatu, mpokee. Wakikuuliza huko aliyemtuma ni nani wako, mwanangu, usinilipe kama nilivyokufanyia.

Mama yako