Nilichapa "wazazi"

Neema mjukuu wangu, mwanangu kakanyaga kibodi sasa hivi, salamu zote zimefutika, naanza upya. Mie bibi yako, ingawa umri tunalingana, ni mzima hapa Tandale.

Umeuliza programu ya lugha ya Perl huchaguaje orodha ya watu wa kutumiwa ujumbe kwa jina lililochapwa baada ya jina la programu. Orodha zote ziweke kwenye heshi, yaani jedwali ambalo kila orodha ina jina lake la kuifungulia, na $ARGV[0], lile neno la kwanza lililochapwa, iwe ufunguo. Jina lisipokuwemo, programu ikatae.

Ila langu lilikuwemo. Nikiwa kazini zahanati, kwenye programu ya ujumbe tuliyotumia pamoja na shule, nilichapa "wazazi", nikikusudia kina mama waliojifungua. Aliyeiandika programu alikusudia wazazi wa wanafunzi. Ujumbe wa kurudi kliniki ukaenda kwao, haukumfikia Mwanahawa, mmoja wa waliojifungua kwetu.

"Nilisubiri mniite, dada," aliniambia, amekuja bila kichanga chake.

Kwa hiyo muulize kwanza atakayelichapa, jina hilo analielewaje. Mie ningeulizwa, pengine yule mtoto leo ange... Shangazi ananiita, mwanangu analia na