Ziwa Langu la Chyulu

Jumatatu, 5 Mei

Nimeosha vikombe viwili, nikavifuta, nikavipanga pamoja. Kimoja changu, kimoja cha mume wangu. Naandika tena kwa sababu napenda kuliona: mume wangu.

Juzi juzi nilikuwa binti wa watu huko Mutomo. Leo niko Kibwezi kwa Shangazi Syombua, dada wa baba yake Kioko, mume wangu. Ametupa chumba cha nyuma kwa fungate yetu. Kitanda kinalia. Kila kikilia tunacheka.

Kulipopambazuka tuliiona milima ya Chyulu. Kijani tupu. Vilima vingi kama bakuli zilizofunikwa na mtu akasahau kuziinua. Kioko anasema kila kimoja kiliwahi kutapika moto. Chini yake mawe ni meusi, yana matundu kama mkate ulioungua. Kwetu ni mchanga na mbuzi. Sikujua nchi inaweza kuungua halafu ikapendeza hivi.

Kilima kimoja kina shimo kubwa kileleni, na ndani ya shimo kuna ziwa. Kioko aliliona akiwa shule ya msingi, alipoletwa hapa likizo. Ameniahidi. Tunapanda Jumatano.

Jumanne, 6 Mei

Mguu umeharibika. Nilivaa viatu vya harusi kwenda chemchemi, eti kwa sababu Kioko huvisifu. Mawe meusi yamekata soli, nikaanguka. Kifundo kimevimba kama embe.

Kioko alinibeba mgongoni hadi kwenye bodaboda. Watu walitoka madukani kutazama. Niliona haya. Nilifurahi pia, zaidi ya haya. Shangazi alitupokea mlangoni akiwa ameshika kiuno. "Mbuzi wetu wa ntheo, wale wa posa, hawajazoea hata zizi la baba yako, na wewe tayari unabebwa?"

Nililia kidogo. Si kwa mguu, kwa ziwa. Kioko akasema ataenda yeye, aniletee maji ya ziwa kwenye chupa. Nikamwambia si lazima. Nilisema hivyo nikitabasamu.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi. Ameondoka na chapati mbili na chupa tupu ya soda. Atakula chakula cha mchana hapa. Shati la buluu. Ana mabega mazuri mume wangu.

Mchana. Muthokoi niliompikia, mahindi na maharagwe, umepoa. Vilima sivioni tena, ni ukungu mtupu hadi kwenye ua wa jirani. Simu yake haishiki.

Baadaye. Naogopa. Shangazi ameniuliza Kioko akipotea hufanya nini. Nikajibu kwa majivuno, maana hilo kwetu Kitui kila mtu analijua. Unatafuta mto, hata uwe mkavu, hata uwe mchanga tu. Unaufuata ukiteremka. Mwishowe utakuta akina mama wanachimba maji, utakuta ng'ombe, utakuta kanisa. Mimi mwenyewe nilifundishwa kabla ya kusoma.

Shangazi akaweka mwiko chini. "Mwiitu wakwa, binti yangu, Chyulu hakuna mto unaofika mahali. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe. Korongo litamteremsha vizuri, litamtia moyo, halafu litaishia porini kwa nyati."

Akainuka aende kuita watu wa kanisa lake. Alivaa viatu.

Jioni. Niandike upesi.

Wanaume wa kanisa la Shangazi walipanda na filimbi. Sisi wanawake tulisimama pale mashamba yanapoishia na mawe meusi yanapoanza. Mimi nilikalia jiwe, mguu umefungwa leso. Tukapiga madebe. Sauti ilirudi kutoka kila upande. Hata mimi niliyekuwa hapo sikujua debe liko wapi.

Nikawaza: nimekuwa mke kwa muda mfupi hivi, na nimemtuma mtu afe kwa sababu ya chupa ya maji.

Shangazi akatunyamazisha. "Debe hata mchunga ng'ombe hupiga. Atajuaje anaitwa yeye? Mwite wewe."

Kupiga kelele mbele ya watu walioniona jana nikibebwa. Bibi harusi. Kuliita jina lake hivyo sikuweza. Kwa hiyo nikaimba.

Tulikutana kwenye kwaya. Yeye besi, nyuma yangu. Mimi alto. Sasa alto peke yake haina maana. Inakaa kwenye noti moja, inashuka kidogo, inarudi palepale, inamngoja mtu. Mama mmoja aliuliza, "Huo ni wimbo, ama mguu unauma?" Wengine wakacheka, na mimi nikaendelea. Nilipofika mahali alto inanyamaza ili besi iingie, nikanyamaza.

Hakuna.

Nikaanza upya. Nikanyamaza tena. Hakuna. Nikaanza upya. Koo lilikauka. Shangazi alisimama karibu nami, mkono wake begani mwangu, mzito.

Halafu besi ikaingia. Mbali, mkono wa kushoto, na kwa kuchelewa. Kioko huchelewa kuingia kila mara, mwalimu wa kwaya amemgombeza mpaka amechoka. Hakuna mtu mwingine duniani anayechelewa hivyo. Niliimba nikilia, aliimba akija. Filimbi zikamfuata. Alitokea kwenye ukungu, shati limechanika, magoti yana damu, bado anaimba.

Sikujali nani anaona. Nilimshika.

Alhamisi, 8 Mei

Amelala mpaka jua likapanda. Nimemtazama wakati wote huo.

Amenieleza. Alifika kileleni. Ziwa ni dogo, si kama la utotoni mwake, lakini lipo, la kijani, na bata wawili. Akajaza chupa. Ukungu ukamkuta akishuka. Akatafuta korongo kama tulivyofundishwa, akalifuata kwa furaha, likaishia kwenye ufa wa mwamba. Akatafuta lingine. Nalo likaisha. Hapo ndipo akakaa chini. Madebe aliyasikia pande zote. Kisha akasikia alto. Anasema alidhani amekufa, lakini mbinguni wasingekosa soprano.

Chupa ni tupu. Aliiweka mezani, akaangalia chini. "Nimekunywa ziwa lako, mke wangu. Lote."

Sijawahi kupewa kitu kizuri kama chupa ile tupu. Shangazi amemchinjia kuku, na amemgombeza kuanzia supu hadi mifupa.

Ijumaa, 9 Mei

Tumeenda chemchemi, polepole, mimi na viatu vya raba vya Shangazi. Maji yanatoka chini ya mawe meusi, baridi, bila kelele. Shangazi anasema ni mvua ya Chyulu hii, ile inayozama huko juu. Inatembea gizani ndani ya mlima, inatokea hapa.

Kioko alinitia mguu majini na kuushika. Kabla ya kuondoka alijaza ile chupa.

Sasa iko dirishani. Yeye amejilaza, kitanda kimelia na hakuamka. Nje vilima vyote vinaonekana.

Nimeosha vikombe viwili.