Nta ya Kumwita Baba

Ngulyati,
S.L.P. 47,
Bariadi.
16 Juni, 1996

Mpendwa mdogo wangu Josia,

Mwangaluka. Habari za Morogoro, na hayo masomo yako ya nyuki? Kifua kimepona? Sisi tunapumua. Pamba tumevuna, ingawa dawa zake zimewamaliza nyuki. Mizinga mingi ya Baba ni mitupu.

Baba mwenyewe tangu apigwe na kiharusi hatutambui. Mimi ananidhania mnunuzi wa pamba, wale wa binafsi waliojaa Dutwa siku hizi, ananiuliza bei. Nacheka mbele yake, kisha naenda jikoni kulia.

Ile barua yako ilinipa tumaini. Uliandika kwamba huko chuoni mnamnusisha nyuki harufu fulani huku mkimlambisha maji ya sukari, na baadaye harufu ile peke yake humfanya atoe ulimi, kwa kuwa kumbukumbu imeamka kichwani mwake. Nikawaza, kama mdudu mdogo vile anakumbuka, sembuse mfugaji wake.

Unajua Baba alivyokuwa akiwaita nyuki: anayeyusha nta, anaipaka ndani ya mzinga mpya, nao wanakuja wenyewe. Basi nikaupaka mzinga mtupu, nikauweka karibu na kitanda chake. Shangazi Felisita alisema nimechanganyikiwa.

Baba alinusa, akainuka. Akaniita Kabula, jina langu. Nilifurahi mno, mdogo wangu. Kisha akasema, "Kabula, mwite mama yako alete bakuli la asali."

Nikamwambia mama alifariki mwaka juzi. Alilia kama siku ile ya msiba, akasahau, akanusa, akamwita tena. Nikamwambia tena, akalia upya.

Kumbe harufu haichagui cha kuamsha. Mzinga nimeutoa, lakini mama hajamtoka kichwani. Jana aliponiuliza nilimdanganya kwamba ameenda gulioni Dutwa. Akatulia, akaomba kiti, akakaa mlangoni. Tangu hapo hajala; anasema atakula na mkewe.

Shangazi anakusalimu sana, na mjomba Marcelo pia. Mungu akulinde njiani, maana nakuomba uje. Kumwambia ni lazima, nami siwezi kumzika mama tena peke yangu.

Dada yako akupendaye siku zote,
Kabula