Barza ya Upande wa Ziwa

Baraka, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Wilfried,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima, Mungu anatuchunga. Sijui wewe na baridi ya huko Australia. Papa anakohoa kidogo, lakini anakula. Nakuandikia kwenye karatasi, Hawa jirani ataipiga picha akutumie, maana kwenye simu unazungumza peke yako.

Tangu ziwa limeze nyumba ya Papa, analala kwangu pamoja na wajukuu, na aibu inamla. Kwenye nyumba yake mpya tumefuata shauri lako: msingi wa mawe, matofali mabichi, hatuchomi kitu. Milima ya Fizi imebaki kipara kwa kuni za kuchomea matofali, hapo una haki. Majirani walitucheka, sasa wanakuja kuuliza tunavyofanya.

Jambo moja tu. Papa anataka barza yenye paa upande wa ziwa. Anasema: "Mvua ya kule inakuyaka ya pembeni. Bila barza, ukuta itaisha sawa sabuni. Na bantu nitabapokea wapi? Mu chumba ya kulala?" Jibu kabla hatujapaua.

Yaya yako,
Gentille

Brisbane, 16 Juni 2024

Yaya Gentille,

Salamu za heshima kwako dada mkubwa, kwa Papa na watoto. Mimi sijambo, masomo tu yananibana.

Fedha haitoshi barza na madirisha ya vioo. Chagueni vioo. Nyumba yenye mwanga haiwashi taa mchana, na barza itaziba mwanga wote. Plan hii niliyoichora nimewaonyesha walimu wangu, wameisifu sana. Upakeni ukuta udongo wenye chokaa, mvua haitaugusa. Wageni Papa atawapokea ndani, salon, kama watu wa leo. Mwambie aniamini, nimesomea mambo haya.

Mdogo wako,
Wilfried

Baraka, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku vumbi na mafua, basi.

Papa amehamia. Siku ya kwanza alipapasa ukuta akasema, "Ndani iko baridi muzuri." Nilifurahi mpaka machozi. Lakini kila asubuhi anabeba kiti chake kwenda kwa jirani, Mzee Nasoro, kwenye barza yake. Huko ndiko anasalimiana na watu na kusikiliza maneno ya ukoo. Mzee mzima ana nyumba, anapokea wageni wake kwa mwenzake. Inaniuma.

Tuweke hata barza ya nyasi kabla ya mvua. Fundi Anatole amekataa: "Plan ni ya Wilfried. Nikiigusa, atasema niliharibu." Wewe ndiye mtuma fedha, kwa hiyo hapa wote tunakungoja wewe, hata baba yako mzazi. Sema neno moja.

Yaya yako,
Gentille

Brisbane, 28 Septemba 2024

Yaya,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa. Mwisho wa Oktoba naonyesha kazi yetu, nyumba hii ya Papa, mbele ya watu wakubwa wa chuo, na nyasi mbele ya vioo zitaharibu sura. Vumilieni mpaka hapo. Nitumie picha, Papa akiwa mlangoni.

Mdogo wako,
Wilfried

Baraka, 3 Novemba 2024

Wilfried,

Tuko wazima, sitakuficha hilo. Mvua ilikuja mchana, ya pembeni. Udongo ulilainika chini ya madirisha, ukuta wa upande wa ziwa ukaanguka pamoja na vioo vyako. Papa alikuwa kwa Nasoro. Barza ya watu ndiyo iliyomwokoa.

Alikuja, akatazama, hakulia. Akasema: "Ile imeanguka ni nyumba ya Wilfried. Yangu haiyajengwa bado." Kesho yake alipanda milimani Lubondja, kwa dada yake.

Gentille

Brisbane, 12 Novemba 2024

Yaya yangu,

Silali. Naona Anatole alibana chokaa. Basi tuache udongo, nitatafuta simenti, tujenge upya. Papa hapokei simu yangu. Tafadhali nenda Lubondja, umwekee simu sikioni.

Mdogo wako,
Wilfried

Baraka, 19 Januari 2025

Wilfried,

Habari ya kifo cha Papa ulipata kwa Hawa. Mimi sikuwa na sauti ya kukuambia.

Nilikwenda Lubondja kama ulivyotaka. Nikamwekea simu, akaigeuza uso chini, akaniuliza kama watoto wamekula. Kikohozi kilimchukua kabla ya Noeli. Watu walioshuka na kupanda kumlilia tuliwakalisha kwenye barza ya shemeji yake. Mtu aliyejenga maisha yake yote, akaliliwa kwa watu.

Anatole umwache. Chokaa aliweka, niliichanganya mwenyewe kwa mikono hii. Udongo pia uuache. Nyumba ya Nasoro ni ya matofali mabichi kama yetu, ina barza pande zote, na mvua ileile haikuikwaruza. Lakini nani atanisikiliza? Waliokuwa wanakuja kuuliza waliuona ukuta wetu chini. Sasa mtaa mzima wanachoma matofali, na miti inashuka kutoka Fizi kila siku kwa malori.

Nami watoto wangu wanabanana chumba kimoja, wanataka pa kulala. Jana nimewasha tanuru langu la matofali. Najua utakachosema kuhusu miti. Waambie wale waliosifu plan yako.

Gentille